Mguu wa Wifi

Kabla hajakalishwa vizuri kwenye benchi, Sindano alikwisha kutangaza masharti.

"Mashine na inipige picha, sina neno nayo. Lakini mkono wa huyu usifike kwenye mwili wangu."

Huyo aliyesemwa alikuwa amesimama mbele yake, skana mkononi, uso mkavu. Alikuwa mke wa mdogo wake. Mafundi waliokuwa wakikwangua miguu ya plastiki wakazima mashine zao, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetaka kukosa.

"Wifi, hapa ni kazini."

"Ndiyo maana nimekubali kuja. Hapa kuna mashahidi."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mke hakugeuka kumtazama. Pale karakana walimwita Mchoraji, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeshinda mbele ya kompyuta wakati wenzake wakishinda na vumbi la plasta kwenye nyusi. Karakana ilitengeneza miguu na mikono ya bandia. Kazi yake yeye ilikuwa kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia ambamo kigutu cha mtu huingia na kukaa. Vyuma vya chini viliagizwa vikiwa tayari, na nyayo zilikuja kwenye maboksi, saizi kwa saizi, kama viatu dukani. Kikombe hakiagizwi. Hakuna vigutu viwili vinavyofanana, hata vikiwa vya mtu mmoja.

Zamani alichora pampu za maji kiwandani. Huko kila kitu kilikuwa duara au mraba, na ukitaka ukuta wa pampu uwe na unene fulani, unaiamuru programu mara moja tu, unene unaenea sawasawa kama rangi ukutani. Kiwanda kilipofungwa akahamia karakana, akidhani kuchora ni kuchora. Kikombe chake cha kwanza kilikuwa na unene mmoja pande zote, kizuri kama chombo cha maua. Mzee Plasta, fundi wa siku nyingi aliyekuwa akiunda vikombe kwa plasta na mikono yake, alikichukua, akakizungusha mbele ya dirisha, akakitia kwenye pipa la taka.

"Mguu si pampu," alisema, kisha hakumsemesha tena msimu mzima.

Mchoraji alijifunza kwa kukosea, na kila kosa lilikuwa na mwenyewe aliyelia. Chini ya pia ya goti, penye kano, kikombe kiingie ndani kidogo na ukuta uwe mnene, maana hapo ndipo uzito wa mtu unapoegemea. Kwenye ugoko, ambako mfupa uko karibu na ngozi, kiache nafasi. Nyuma, kwenye nyama laini, ukuta uwe mwembamba, upate kupinda mtu akiketi. Kwenye skrini alikuwa akiupaka unene huo rangi, nyekundu palipo pazito na buluu palipo pembamba, na jicho lake likazoea kumtazama kila mtu anayechechemea barabarani kwa rangi hizo.

Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa kazi yake, likamkaa kwa ulimi wake. Lori lililorudi nyuma bila dereva kutazama lilimchukulia mguu wa kulia, chini ya goti. Alipotoka hospitali hakuweza kurudi kwenye chumba chake cha kupanga, kilichokuwa ghorofani, juu ya ngazi nyembamba isiyo na pa kushika. Mdogo wake, aliyekuwa fundi wa majokofu, akamleta nyumbani kwake, yeye na cherehani lake.

"Akae mpaka atakaposimama," alimwambia mkewe mlangoni.

Mpaka atakaposimama. Mchoraji aliyashika maneno hayo kama tiketi.

Hakuna kilichobaki mahali pake. Sindano alipewa chumba cha mbele, akadai pazia libadilishwe kwa kuwa lilikuwa limeshonwa na mtu mwenye hasira. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jiko, magongo yakiwa yameegemezwa ukutani, akatoa maoni. Mchele ulioshwa mno. Kitunguu kiliungua. Mdogo wake alikuwa amekonda, na si kila kukonda ni kazi.

"Chumvi humu ndani mlikatazwa na daktari," aliuliza jioni moja chakula kikiwa mezani, "au ni uchoyo tu?"

"Chumvi hiyo hapo, wifi. Kilichokatwa ni mguu, mkono unao."

Mume aliweka kijiko chini. Hata Mchoraji mwenyewe aliyasikia maneno yale yakitua, na kama yangekuwa na mkia angeyavuta yarudi. Sindano alimtazama kwa utulivu uliotisha kuliko makelele.

"Siku nitakayosimama," alisema, "ndiyo siku utakayonitazama kisogo."

"Amina," alisema Mchoraji.

Ndiyo mara ya kwanza wawili hao kukubaliana juu ya jambo.

Kwa hiyo walifika kwenye benchi la karakana wakiwa na haja moja na chuki mbili. Mguu ukikaa vizuri, Sindano angepanda ngazi zake na kurudi kwenye kazi yake, na Mchoraji angerudishiwa nyumba yake. Ukikaa vibaya, mambo yangekuwa mabaya zaidi kuliko kuendelea kuishi pamoja. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ngozi ya kigutu kile ni changa, na kidonda kikifumuka kikaingia usaha, safari nyingine watakata juu ya goti. Mtu aliyebaki na goti na mtu asiye na goti ni watu wawili tofauti.

Utaratibu wa karakana ulikuwa kwamba kigutu kivishwe soksi nyembamba isiyo na mshono, kisha fundi akipapase kwa vidole na kutia alama ya wino kila penye mfupa au maumivu, ndipo skana ipite. Mchoraji alitoa soksi kwenye droo.

"Hiyo imevaliwa na vigutu vingapi?" aliuliza Sindano.

"Inafuliwa."

"Hata beseni la choo la hospitali linaoshwa, lakini silipikii." Akafungua mkoba, akatoa soksi yake. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa kitambaa laini kinachovutika, na ubavuni ulipita mshono mmoja, mwembamba, ulionyooka. "Nimejishonea. Piga picha tuondoke."

Mchoraji aliuona ule mshono. Alijua soksi yenye mshono haifai. Alijua pia kwamba akisema hivyo, watabishana mpaka mchana, na wifi yake atakwenda kulalamika kwa mdogo wake, na siku itapotea, na kila siku iliyopotea ilikuwa na chakula cha jioni ndani yake. Akawasha skana. Hakupapasa. Angeweza kusisitiza. Ilimfaa kuwa amekatazwa.

Kwenye skrini kigutu kilitokea cha kijivu, kama jiwe lililotolewa mtoni. Mshono ulionekana ubavuni kama uzi wa maji. Karibu na ncha ya chini, juu ya mshono huo huo, palikuwa na kivimbe kidogo. Mkono wa Mchoraji ulisita juu ya kipanya. Labda ni fundo la uzi, alijiambia. Akachukua zana ya kulainisha, akaipitisha juu mpaka chini, mshono ukatoweka na kivimbe kikatoweka nao. Akaupa uso ule unene wake, nyekundu hapa, buluu pale, akapeleka kazi kwenye mashine ya kuchapa plastiki.

Siku ya majaribio mume aliomba ruhusa kazini ili aje kushuhudia dada yake akisimama. Sindano alivishwa kikombe cha plastiki inayopitisha mwanga, akashika vyuma vya pembeni, akainuka. Alipiga hatua, kisha nyingine. Mume akaanza kupiga makofi. Kwenye hatua iliyofuata Sindano alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, fupi, kama ya mtoto, akakaa chini pale pale sakafuni. Walipomvua, soksi ilikuwa na doa jekundu ubavuni.

"Mtego," alisema, akihema. "Mkeo kanitegea mtego wa panya."

"Dada, tulia kwanza."

"Nitulie? Hebu tazama! Huyu anajua kila mfupa wa watu wa mji huu, wangu tu ndio haujui?"

Mzee Plasta alisogea, akatazama doa, akatazama kikombe, akapiga ulimi.

"Bakuli la kompyuta," alisema. "Nilisema mimi."

Mume alisubiri mpaka alipobaki na mkewe kwenye chumba cha kompyuta, akafunga mlango polepole, jambo ambalo kwake lilikuwa baya kuliko kuubamiza.

"Kuna nini pale ubavuni?"

Mchoraji alifungua picha ya mwanzo, ile ambayo haijaguswa. Kivimbe kilikuwa pale pale, na sasa, ukikitazama bila haraka, kilikuwa nje kidogo ya mstari wa mshono. Mfupa mwembamba wa pembeni ulikuwa umeota ncha mahali ulipokatwa.

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukakifuta."

"Nilidhani ni uzi."

"Ulidhani," mume aliuliza, "au ulipenda kudhani?"

Mchoraji alitaka kukasirika. Alikuwa na kila haki ya kukasirika, baada ya pazia, baada ya mchele, baada ya maneno ya mbele ya mafundi. Akaitafuta hasira, ambayo siku zote ilikuwa karibu, asiipate.

"Sijui," alisema.

"Utafute ujue," alisema mume wake, akatoka.

Ilibidi kungoja kidonda kikauke. Muda wote huo nyumbani hakukuwa na kejeli wala maoni juu ya kitunguu. Kidonda kilipofunga, Sindano alirudi karakana akaenda moja kwa moja kwa Mzee Plasta.

"Baba, nishike wewe. Yule namjua."

"Nitakushika," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Lakini nikikushika, nakufunga plasta, na kikombe ni changu. Tazama rafu."

Sindano akatazama. Rafu ya mzee ilijaa vigutu vya plasta, kila kimoja na jina lake, vikingoja kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mtu mwenye haraka angezeeka pale.

"Na mimi sishiki mwili ili mwingine achore," mzee aliongeza. "Atakayechora ashike."

Sindano alirudi kwenye benchi kwa magongo yake, akaketi, akavuta gauni juu ya goti, na akauangalia ukuta.

"Haya. Shika. Ukinifinya nitakufinya."

"Kwanza vaa soksi ya hapa."

"Nipe hilo dude lako."

Kigutu kilikuwa cha moto. Ndicho kitu cha kwanza kilichomshtua Mchoraji, ingawa alikuwa ameshika vingi. Wifi yake alikuwa kwake sauti na kiti mlangoni, si mwili wenye joto. Akaanza juu, kwenye kano.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

Kwenye ugoko. "Hapa?"

"Hapana."

Penye kovu jipya, palipokuwa pekundu bado. "Na hapa?"

"Nimesema hapaumi. Au unatafuta pa kuumiza?"

Alikuwa anadanganya. Alikuwa tayari kurudi kutoa damu kuliko kumwonyesha huyu mahali panapouma. Mchoraji akaacha kuuliza. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya paja la wifi yake, kama wa kuegemea tu, na vidole vya kulia vikaendelea kutembea. Mdomo wa Sindano ulisema hapana, hapana, hapana. Paja liliruka. Kila liliporuka, Mchoraji alitia alama ya wino. Alikipata kivimbe cha mfupa. Alipata na pengine pawili ambapo hata picha haikuwa imeonyesha chochote.

Sindano alitazama chini, akaziona alama zimejaa, akauona na mkono ule ulioko pajani. Akaelewa. Akaupiga kofi, kwa nguvu, mpaka mafundi wakageuka.

"Mwizi wewe!"

"Ndiyo," alisema Mchoraji, akiendelea kutia alama. "Kaa sawa, bado upande wa nyuma."

Kazi ya skrini ilimtesa kuliko alivyotarajia. Safari hii hakulainisha kitu, na uso usiolainishwa ni mkaidi. Chini, mahali ngozi ilipokunjwa na kushonwa, kigutu kiliingia ndani kama kitovu. Kila alipoamuru programu ipandishe unene kutoka kwenye uso ule kwenda nje, pande za shimo lile ziligongana, zikapitana, zikajikunja kama nguo iliyobanwa mlangoni, na programu ikakataa. Alipunguza unene, ikakubali, lakini ukuta ukawa mwembamba kiasi cha kupasuka mtu akikanyaga jiwe. Akaongeza, ikakataa tena. Dawa ya haraka ilikuwa palepale kwenye upande wa zana, ile ya kulainisha. Mkono ulikwenda, ukarudi.

Mwishowe aliacha kuulazimisha uso mmoja uzae mwingine. Aliuacha uso wa ndani kama ulivyo, na makunyanzi yake yote, akausogeza tu penye alama za wino, nje penye mfupa, ndani penye kano. Kisha akachora ngozi ya pili, ya nje, laini, iliyopita juu ya shimo la kovu bila kulifuata, kama shuka lililotandikwa juu ya godoro lenye bonde. Hakuamuru unene wowote. Unene ukawa ile nafasi iliyobaki kati ya ngozi mbili, mkubwa hapa na mdogo pale, na kazi yake ikawa kuvuta ngozi ya nje sehemu kwa sehemu mpaka kila mahali papate kiasi chake. Pale penye ncha ya mfupa alifanya kijumba ndani, na nje akaongeza nyama ya plastiki, ukuta usije ukavunjika mahali ulipotoa nafasi. Aliporidhika aliwaita wenzake watazame, kisha akamwita Mzee Plasta, ambaye alikuja akiwa amekunja uso.

"Kwa nini hapa pekundu?" mzee aliuliza.

"Kuna mfupa. Nimetoa nafasi ndani, nikaimarisha nje."

Mzee alitazama muda mrefu. "Bado ni bakuli," alisema. Lakini lilipochapwa, hakulitia kwenye pipa.

Sindano alisimama. Alitembea kati ya vyuma kwenda na kurudi, akaviacha vyuma, akatembea mpaka kwenye mlango wa karakana na kurudi, akiwa amevaa raba alizoagizwa kuvaa. Uso wake haukutoa siri. Walipomvua, ngozi ilikuwa na wekundu kidogo penye kano, panapostahili, na ubavuni hapakuwa na kitu.

"Panabana?" aliuliza Mchoraji.

"Pana adabu," alisema Sindano, na huo ndio ulikuwa mwisho wa shukrani.

Aliondoka Ijumaa jioni. Mume alikuwa amempigia simu mtu wa pikapu, na cherehani likafungwa kamba nyuma pamoja na sanduku na kiti kile cha mlangoni, ambacho Sindano alisema kimemzoea. Alitoka chumbani amevaa gauni alilojishonea kwa siku hiyo, na miguuni viatu vya kisigino, vyeusi, vinavyong'aa. Mchoraji alisimama mlangoni, mikono amekunja.

"Haya, wifi," alisema Sindano. "Kisogo changu hiki. Kishibe."

"Nakishiba."

"Kwangu usije."

"Sina njia huko."

Sindano akashuka kuelekea barabarani bila gongo, kichwa juu. Alipendeza. Mchoraji alimtazama akienda na kifua chake kikaanza kufunguka. Kesho angelitoa pazia lile. Kesho angepika anavyotaka. Kisha jicho lake, ambalo halikuombwa maoni, likaliona goti la kulia. Kila hatua lilikuwa linasukumwa mbele, ghafla, kama mtu aliyegongwa kwa nyuma. Unyayo wa bandia ulikuwa umepangwa kwa raba. Kisigino kilikuwa kinaumwaga mguu mzima kwenda mbele. Kwenye barabara tambarare angefika. Kwenye ngazi ile nyembamba isiyo na pa kushika, goti lingemtoka akiwa katikati.

Pikapu ilikuwa imewashwa. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Raba zilikuwa ndani ya sanduku, na Sindano hangezivaa hata akiombwa na serikali. Karakana ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

"Wifi!"

Sindano hakugeuka. "Kisogo tu, nimekwambia!"

"Viatu hivyo vitakuangusha. Vua, uvae raba."

Hapo akageuka, taratibu, kwa mkogo. "Hee! Jamani gere! Nimevaa vizuri siku moja, roho inamtoka."

"Unyayo haujapangwa kwa kisigino. Goti linakutoka, mwenyewe hulisikii?"

Sindano akalishika goti. Alikuwa analisikia. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba alikuwa amelisikia tangu chumbani na aliapa kufika kwenye gari hata kwa kutambaa.

"Sivui," alisema. "Sirudi kwenye mtaa wangu kwa raba kama mgonjwa. Rekebisha mguu ufuate kiatu."

"Nitaurekebisha. Jumatatu."

Dereva akazima gari. Mume alikuwa amesimama karibu na mzigo, mkono juu ya kamba, akingoja. Sindano aliitazama barabara, akaitazama nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamtazama mke wa mdogo wake bila kutafuta pa kuchoma. Haikudumu.

"Basi ni mpaka Jumatatu," alisema, akianza kurudi, akishikilia ukuta. "Na usidhani nakushukuru. Nipishe mlangoni."

Mchoraji akampisha. Mume akaanza kufungua kamba za cherehani, macho yake yakiwa kwa mkewe, na safari hii hakumwuliza kitu.